Homa ya uti wa mgongo ya bakteria: namna ya kuithibitisha wodini bila kupoteza saa ya kwanza

Kila kundi jipya la madaktari tarajali na matabibu linapoanza zamu katika hospitali za Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, maswali hurudi yaleyale. Nitoe dawa kwanza au nichome mgongo kwanza? mRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imetoka chanya, LP (kuchoma mgongo ili kuchukua maji yake) bado ni lazima? Mgonjwa ana VVU na kipimo cha CT, cha picha ya ubongo, kiko wilaya nyingine, nifanyeje? Ndugu wamekataa sindano ya mgongo, ndiyo basi? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mgonjwa anaposhushwa mapokezi ya dharura hadi majibu ya maabara yanapokuwa mkononi. Unahusu watu wazima na watoto waliovuka umri wa mwezi mmoja. Watoto wachanga wana kanuni zao, na hapa tumewagusa kidogo tu.

Shika jambo moja kabla hujasoma zaidi: dawa haisubiri LP, na LP haifutwi kwa sababu dawa imeshaingia. Kwenye ukanda huu sehemu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo inayosahauliwa, na inaua. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2016–2017 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima wa Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Mtu mzima anayeletwa na homa, kichwa na shingo iliyokakamaa anaweza kuwa na bakteria wa nyumokokasi, lakini anaweza pia kuwa na fangasi wa kriptokokasi au kifua kikuu cha ubongo. Seftriaksoni, kiuavijasumu cha sindano, inatibu nyumokokasi tu kati ya hao watatu. Ukimlaza na seftriaksoni kwa siku 14 bila kuyaona maji yake ya mgongo, utakuwa umekisia tu, na mgonjwa mwenye kriptokokasi hana siku 14 za kukisia.

MSHUKU NANI

Usisubiri picha ya darasani ya homa, shingo ngumu na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa 2004, wenye matukio 696 ya watu wazima, ulikuta dalili hizo tatu kwa pamoja kwa chini ya nusu ya wagonjwa. Lakini wagonjwa 95 katika kila 100 walikuwa na angalau mbili kati ya nne: kuumwa kichwa, homa, shingo kukakamaa, fahamu kubadilika. Basi tumia kanuni hiyo: mbili kati ya nne, na huna maelezo mengine ya uhakika, anza hatua zilizo hapa chini.

Kwa mtoto mdogo shingo inaweza kuwa laini kabisa. Tafuta utosi uliovimba, kukataa kunyonya, kulia kwa sauti kali anapobebwa, kulegea, au degedege. Degedege lenye homa kwa mtoto aliye chini ya miezi sita lisiitwe la homa ya kawaida mpaka LP iseme hivyo.

UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

Hakikisha vyote viko kwenye trei moja kabla hujamgeuza mgonjwa. Kumwacha amekunjwa ubavu huku muuguzi anakwenda stoo kutafuta chupa ndiko kunakoharibu LP nyingi.

– Sindano ya mgongo yenye waya wake wa ndani, geji 22. Mtu mzima hutumia ya sentimita 9; mtoto mdogo ya sentimita 4 hivi. Kama stoo ina zile zenye ncha butu, chagua hizo: maumivu ya kichwa baada ya LP hupungua sana.
– Glavu zilizotakaswa, barakoa, taulo lenye tundu, gozi.
– Povidoni aidini au klorheksidini. Vyovyote vile, iache ikauke kabisa.
– Lignokeini ya asilimia 1 au 2, sirinji ya mililita 5, sindano nyembamba ya ngozi na nyingine ndefu kidogo.
– Chupa nne safi zilizotakaswa, zimeshaandikwa namba 1 hadi 4, jina na namba ya faili. Ya kupimia sukari iwe yenye floraidi, ile ya kifuniko cha kijivu.
– Manomita, kifaa cha kupimia shinikizo la maji. Kama haipo, mpira wa dripu uliotakaswa na rula.
– Chupa za kuoteshea damu, mashine ya sukari ya kidole, mRDT, kipimo cha VVU.
– Dozi ya kwanza ya seftriaksoni, imeshatolewa famasi na iko kando ya kitanda.
– Msaidizi mmoja wa kumshika mgonjwa. Usichome peke yako.

Kitu kimoja zaidi: piga simu maabara kabla ya kuchoma. Mtaalamu wa maabara akijua maji yanakuja, atawasha hadubini na kuandaa chemba ya kuhesabia. Asipojua, chupa itakaa dirishani.

HATUA KWA HATUA

1. Andika saa mgonjwa aliyofika. Lengo ni dawa kuingia ndani ya saa moja. Hakikisha njia ya hewa, pumzi, mapigo na shinikizo la damu. Pima sukari ya kidole na fahamu kwa kipimo cha Glasgow (kwa mtoto, kipimo cha Blantyre). Sukari ikiwa chini, irekebishe papo hapo. Mgonjwa aliyeshuka sukari huchanganyikiwa na kupata degedege kama mwenye homa ya uti wa mgongo, na anaweza kuwa na vyote viwili.

2. Uliza maswali manne, usiyaruke hata kama ndugu wana haraka. Ilianza lini: saa na siku chache huelekeza kwenye bakteria, wiki mbili na zaidi kwenye kifua kikuu au kriptokokasi. Ameshachomwa sindano au kumeza dawa gani kabla ya kufika: zahanati na maduka ya dawa hutoa viuavijasumu mapema, na hilo hubadilisha usomaji wa majibu yote. Waombe waoneshe pakiti au kichupa, maana wengi hawalijui jina. Je, aliwahi kutoka usaha sikioni, kuvunjika fuvu, kutolewa bandama, au anatumia dawa za VVU na ameacha? Na ametokea wapi: aliyetoka Kyela kando ya Ziwa Nyasa au mashamba ya mpunga ya Usangu ana uwezekano mkubwa zaidi wa malaria kuliko ambaye hajatoka Makete.

3. Chunguza shingo vizuri. Mgonjwa alale chali, bila mto, umwinue kichwa taratibu kidevu kielekee kifuani. Kisha geuza kichwa kulia na kushoto. Shingo inayogoma kuinama lakini inageuka vizuri inaelekea kwenye utando wa ubongo; inayogoma pande zote kwa mzee mara nyingi ni mifupa. Alama za Kernig (goti kugoma kunyooka) na Brudzinski (magoti kujikunja shingo inapoinamishwa) zikiwepo ni nzuri, zisipokuwepo hazina maana yoyote: kwa watu wazima huwakosa wagonjwa wengi kupita kiasi. Baada ya hapo angalia ngozi yote kwa madoa yasiyofifia ukibonyeza (kwenye ngozi nyeusi tazama viganja, nyayo, kope za ndani na kaakaa), masikio yote mawili, mboni za macho, nguvu za mikono na miguu pande zote, na ngozi ya mgongo mahali utakapochoma.

4. Toa damu. Ya kuotesha kwanza, mililita 8 hadi 10 kwa chupa kwa mtu mzima, 1 hadi 3 kwa mtoto. Kisha picha kamili ya damu, sukari, mRDT na VVU. Damu ya kuotesha ndiyo akiba yako endapo LP itachelewa; kwa nusu ya wagonjwa au zaidi wasiotumia dawa bado, kidudu huota humo. Sukari ya damu itolewe kabla ya LP, kwa sababu bila hiyo sukari ya maji ya mgongo haina cha kulinganishwa nacho.

5. Amua: LP sasa au dawa kwanza. Ahirisha LP, si dawa, kama mgonjwa ana udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mboni zisizolingana au diski ya jicho (mwanzo wa neva nyuma ya jicho) iliyovimba, degedege linalojirudia, fahamu ya Glasgow chini ya 10 au inayoshuka mbele yako, mshtuko au pumzi mbaya, maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma, au dalili za kuvuja damu. Chembe sahani zikiwa chini ya 40,000 kwa mikrolita, au INR (kipimo cha kuganda kwa damu) juu ya 1.5, zungumza na mkubwa wako kwanza. Hao wa udhaifu, mboni, diski ya jicho, degedege na fahamu ya chini ndio wanaohitaji CT.

VVU peke yake si sababu ya kuahirisha. Vitabu vya nchi tajiri huweka upungufu wa kinga kwenye orodha ya CT kabla ya LP. Ukiifuata kanuni hiyo hapa kwetu, wagonjwa wanaohitaji LP kuliko wote hawatachomwa kamwe. Mwenye VVU asiye na udhaifu wa upande mmoja wala degedege linalojirudia achomwe. Jicho lisiloweza kugeuka kwenda nje kwa mgonjwa wa kriptokokasi mara nyingi linatokana na shinikizo lenyewe la maji, na kuyatoa ndiyo tiba.

6. Dawa. Kama LP inaweza kufanyika ndani ya dakika chache, choma halafu toa dawa. Kama kuna chochote kinachochelewesha, iwe ndugu, taa, au sindano, toa dawa sasa. Mtu mzima: seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa kila saa 12. Mtoto: miligramu 100 kwa kilo kwa siku, isizidi gramu 4. Aliyezidi miaka 50, mjamzito, mlevi wa pombe au mwenye kinga dhaifu, ongeza ampisilini gramu 2 kila saa 4 kwa ajili ya bakteria wa listeria, ambayo seftriaksoni haiigusi. Usiichanganye seftriaksoni na maji ya Ringer, yana kalisi. Kwa mtoto mchanga mchanganyiko huo umewahi kuua.

Kuhusu deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe, tunaulizwa kila wiki. Majaribio mawili makubwa yaliyofanyika Blantyre, jirani zetu wa Malawi, yaliyochapishwa 2002 kwa watoto na 2007 kwa watu wazima, hayakuonesha kuwa inapunguza vifo. Katika lile la watu wazima, zaidi ya nusu ya wagonjwa katika makundi yote mawili walifariki ndani ya siku 40. Fuata mwongozo wa hospitali yako. Ukielekezwa kuitoa, iingie pamoja na dozi ya kwanza au dakika chache kabla. Baada ya saa kadhaa haina kazi.

mRDT ikiwa chanya, anza atesuneti, dawa ya malaria, na uendelee na mwongozo huu. Mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na bakteria kwenye ubongo kwa wakati mmoja, hasa mtoto.

7. Pata idhini. Hapa ndipo LP nyingi hukwama, na sababu inaeleweka. Watu wamewaona wagonjwa waliochomwa mgongo wakafariki, kwa kuwa walichomwa wakiwa mahututi, na lawama ikaenda kwa sindano. Usibishane na uzoefu huo. Salimia kwanza, keti, ongea na mwenye kauli kwenye familia, ambaye huenda si yule aliyesimama karibu na kitanda. Maneno yanayosaidia ni kama haya:

“Shikamoo mama. Baba ana homa iliyofika kwenye utando wa ubongo. Iko ya aina tatu na kila moja ina dawa yake. Dawa ya kwanza tumeshampa. Sasa tunataka kuchukua maji kidogo, kama vijiko viwili vya chai, chini kabisa ya kiuno. Pale uti wenyewe umeshaisha, sindano haiugusi. Mwili hutengeneza maji hayo karibu nusu lita kila siku, kwa hiyo yatarudi leo leo. Anaweza kuumwa kichwa siku mbili tatu. Tusipoyachukua, tunaweza kumtibu ugonjwa ambao hana.”

Kisha nyamaza, wape nafasi ya kuuliza. Wakikataa, andika, endelea na dawa, rudi baada ya saa mbili. Wengi hukubali mara ya pili, mgonjwa anapokuwa bado hajaamka.

8. Mweke mgonjwa na uchome. Alale ubavu wa kushoto ukingoni mwa kitanda, magoti yakunjwe kuelekea tumboni, mabega na nyonga vikiwa wima kabisa. Nyonga ya juu ikilalia mbele, mstari wa katikati unapotea na utakosa. Msaidizi amshike nyuma ya magoti na mabega. Mtoto mchanga au mdogo usimkunje shingo kwa nguvu, ataacha kupumua. Mnene sana au mjamzito mzito anaweza kukaa na kuinamia mto, ila ukifanya hivyo shinikizo halitapimika.

Papasa ncha za juu za mifupa ya nyonga. Mstari unaoziunganisha hupita kwenye pingili ya nne ya kiuno. Choma kwenye nafasi ya juu au ya chini ya hapo, yaani kati ya pingili ya 3 na 4 au 4 na 5. Kwa mtoto mchanga tumia ya chini. Weka alama kwa kucha au kalamu kabla ya kusafisha.

Vaa barakoa. Si mapambo: vijidudu vya mdomo wa mchomaji vimewahi kusababisha homa ya uti wa mgongo kwa mgonjwa aliyechomwa. Safisha kwa mizunguko kutoka katikati kwenda nje, acha ikauke, tandika taulo, choma lignokeini kwenye ngozi kisha kina kidogo, mililita 3 hadi 5 kwa mtu mzima, na usubiri dakika mbili. Kusubiri huko ndiko kunakomfanya mgonjwa atulie.

Ingiza sindano katikati, uelekeze kitovuni kidogo. Kama ncha ni ya kukata, tundu lake litazame juu, dari, mgonjwa akiwa ubavuni. Sogeza milimita chache kila mara. Kwa mtu mzima wa mwili wa kawaida utafika sentimita 4 hadi 7. Utahisi kuachia, kisha chomoa waya wa ndani na utazame. Hakuna kitu? Rudisha waya, sogeza kidogo, tazama tena.

9. Pima shinikizo, kisha kusanya. Maji yakianza kutoka, mwambie msaidizi alegeze miguu ya mgonjwa. Magoti yaliyobanwa tumboni hupandisha namba kwa uongo. Unganisha manomita au mpira wa dripu ulionyooshwa wima, subiri maji yatulie, pima kutoka usawa wa sindano. Kawaida ni sentimita 10 hadi 20. Zaidi ya 25 kwa mwenye VVU, fikiria kriptokokasi kabla hata maabara haijajibu.

Acha maji yadondoke yenyewe, usivute kwa sirinji. Matone 20 ni kama mililita moja.

– Chupa 1: mililita 1, sukari na protini.
– Chupa 2: mililita 2 hadi 3, rangi ya Gram (kuwatia bakteria rangi ili waonekane na kugawanywa kuwa chanya au hasi) na kuotesha. Si ya kwanza, kwa sababu matone ya mwanzo hubeba vijidudu vya ngozi.
– Chupa 3: mililita 1, kuhesabu chembe. Ni ya mwisho mwisho kwa sababu damu ya jeraha huwa imeshapungua.
– Chupa 4: mililita 3 hadi 6, CrAg (kipimo cha kriptokokasi) na Xpert (kipimo cha mashine) ya kifua kikuu. Kifua kikuu kinahitaji maji mengi. Ukipeleka matone kumi umejinyima jibu.

Kwa mtoto mdogo jumla ya mililita 2 hadi 3 inatosha, na chupa ya kuotesha ipewe kipaumbele. Rudisha waya wa ndani kabla ya kuchomoa sindano, bandika gozi. Kumlaza chali saa nyingi hakuzuii kuumwa kichwa, alale anavyopenda.

10. Peleka maji mwenyewe, kwa mkono, sasa hivi. Chembe nyeupe huharibika haraka: baada ya saa moja kwenye joto la chumba theluthi moja hivi ya nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, huwa zimepotea, baada ya saa mbili nusu. Chupa iliyokaa wodini tangu saa tisa usiku hadi zamu ya asubuhi inatoa jibu la uongo lenye muhuri wa maabara.

Na isiwekwe kwenye friji. Meningokokasi na hemofilasi, bakteria wengine wa ugonjwa huu, hufa kwa baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Njombe, Makete au Uyole, chumba chenyewe ni friji tosha. Beba chupa kwenye mfuko wa ndani ya koti, si kwenye trei ya chuma. Kwenye fomu andika umri, hali ya VVU, saa ya LP, saa ya dozi ya kwanza na jina la dawa. Mtaalamu wa maabara anahitaji taarifa hizo kama wewe unavyohitaji za mgonjwa.

11. Soma majibu. Kabla ya karatasi, soma kwa macho: inua chupa mbele ya mwanga, karibu na maandishi. Maji ya kawaida huwezi kuyatofautisha na maji safi ya kunywa. Ukungu huanza kuonekana chembe zikifika mia chache kwa mikrolita.

Bakteria: chembe nyeupe mia moja hadi elfu kumi, mara nyingi zaidi ya 1,000, na zaidi ya asilimia 80 ni nyutrofili, protini juu ya gramu 1 kwa lita, sukari chini ya milimoli 2.2 kwa lita au chini ya 0.4 ya sukari ya damu. Kawaida kwa mtu mzima ni chembe zisizozidi 5, protini hadi 0.45 na sukari karibu theluthi mbili ya ile ya damu.

Kifua kikuu: chembe makumi hadi mia chache, limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, zikitawala (mwanzoni nyutrofili zinaweza kutangulia), protini juu, sukari chini. Xpert ikiwa hasi haikiondoi.

Kriptokokasi: shinikizo juu, chembe chache au sifuri kabisa. Sifuri! Usimwambie ndugu kuwa maji ni mazuri kwa sababu hesabu ni sifuri. Kwa mwenye VVU subiri CrAg.

Virusi: limfosaiti, sukari ya kawaida, protini imepanda kidogo.

Rangi ya Gram ikionesha kitu, ichukulie kwa uzito mkubwa, mara chache sana hudanganya. Kokasi (bakteria wa mviringo) chanya wawili wawili wenye ncha ni nyumokokasi, ambaye kwa watu wazima huku ndiye anayeongoza. Kokasi hasi wawili wawili kama maharage ni meningokokasi: mtenge mgonjwa kwa saa 24 za kwanza za dawa, toa taarifa kwa mratibu wa magonjwa ya mlipuko siku hiyo hiyo, na wanaoishi naye wapewe kinga, kwa mtu mzima siprofloksasini miligramu 500 mara moja. Vijiti vidogo hasi kwa mtoto asiyechanjwa ni hemofilasi, ambayo imekuwa adimu tangu chanjo yake ilipoingizwa nchini 2009. Vijiti chanya, fikiria listeria. Gram isipoonesha kidudu chochote haifuti ugonjwa: huwakosa kati ya mgonjwa mmoja hadi wanne katika kila kumi.

12. Pitia upya baada ya saa 48. Homa inayoendelea, fahamu isiyorudi au udhaifu mpya, rudia uchunguzi wote, masikio tena, na fikiria LP ya pili. Usibadilishe tu dawa.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Sindano inagonga mfupa. Ikigonga juujuu, uko kwenye mwiba wa pingili: rudi hadi chini ya ngozi, elekeza kidogo juu au chini. Ikigonga kwa kina, umetoka katikati. Usipindishe sindano ikiwa ndani. Rudi kwanza, ndipo uelekeze upya.

Mgonjwa anaruka mguu mmoja kwa maumivu ya umeme. Umegusa mzizi wa neva upande huo. Rudi nyuma, elekeza upande wa pili kuelekea katikati.

Umehisi kuachia lakini maji hayatoki. Zungusha sindano robo, subiri nusu dakika, mwambie akohoe. Majaribio matatu yakishindwa, mwite mwenye uzoefu zaidi au jaribu akiwa ameketi. Mgongo wa mgonjwa si mahali pa kushindania.

Yametoka na damu. Ikipungua kutoka chupa 1 hadi 3, ni jeraha la sindano. Isipopungua, mwambie mtaalamu aizungushe chupa kwenye mashine mara moja: maji ya juu yakiwa ya njano, fikiria damu iliyovuja ubongoni. Kwa kuhesabu, punguza chembe nyeupe 1 kwa kila nyekundu 500 hadi 1,000. Mfano, nyekundu 20,000 na nyeupe 900: unaondoa 20 hadi 40 tu, zinabaki zaidi ya 850. Huyo ana ugonjwa, usisingizie damu.

Dawa iliingia saa nane zilizopita, zahanati. Choma bado. Kuotesha kunaweza kushindwa, kwani meningokokasi anaweza kutoweka ndani ya saa mbili tangu dozi ya kwanza na nyumokokasi kuanzia saa nne, lakini chembe, protini na mara nyingi Gram hubaki zikisema ukweli kwa siku moja au zaidi.

Chembe ni chache lakini Gram imejaa vijidudu. Si kosa la maabara. Ni mgonjwa ambaye kinga yake imeshindwa kuitika. Mpeleke uangalizi maalumu.

Limfosaiti nyingi, sukari chini, Gram hasi, CrAg hasi. Inaweza kuwa bakteria aliyetibiwa nusu, listeria au kifua kikuu. Endelea na seftriaksoni, hakikisha ampisilini imo, tafuta kifua kikuu kwenye picha ya kifua, makohozi na mkojo, na umwite daktari bingwa siku hiyo. Kwa mwenye VVU aliyekonda na mwenye historia ya wiki kadhaa, tiba ya kifua kikuu mara nyingi huanzishwa bila kusubiri uthibitisho, na ni sahihi.

Maabara imefungwa usiku. Dondosha tone kwenye mashine ya sukari ya kidole, ulinganishe na sukari ya damu ya dakika hiyo hiyo. Chini ya nusu inatia shaka kubwa. Kijiti cha mkojo kikionesha chembe nyeupe na protini nyingi kinaelekeza huko huko. Vyote viwili ni vya kukusaidia kuamua usiku huo, havichukui nafasi ya hadubini. CrAg ya kijiti inaweza kufanywa kando ya kitanda kwa dakika kumi, nayo isisubiri asubuhi. Paka maji kwenye slaidi, yakauke, uihifadhi kwa Gram ya asubuhi. Chupa ya kuotesha iache kwenye inkubeta au mahali pa joto la mwili, kamwe si kwenye friji ya chanjo.

Hospitali yako haina sindano ya mgongo wala maabara, na rufaa ni saa tatu barabarani. Toa damu ya kuotesha kama chupa zipo, choma dozi ya kwanza ya seftriaksoni, rekebisha sukari, zuia degedege, ondoka. Kwenye barua ya rufaa andika kwa herufi kubwa jina la dawa, kiasi na saa iliyoingia, na uandike wazi kwamba LP HAIJAFANYIKA, ili wanaompokea wasidhani imeshafanyika.